Jinsia kwenye kesi na sheria za ugaidi: mwongozo kamili kwa mawakili, watafiti na watu wa NGO wa Arusha

Kwa sisi tunaoishi Arusha hii mada iko mlangoni kabisa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa, Mahakama ya Afrika Mashariki ipo hapa, taasisi iliyorithi kazi za ICTR (mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda) ipo Lakilaki, na vijana wengi wanaomaliza sheria wanapita humo kama intern au wanaingia NGO zinazofanya kazi na hizo taasisi. Kazi za kisheria zinazohusu ugaidi zinaongezeka sana: kutoa maoni kwenye muswada, kutetea mtuhumiwa, kuandaa mafunzo ya polisi na waendesha mashtaka, kuandika ripoti ya kwenda Umoja wa Mataifa. Ninachokiona kila mara ni hiki, kazi inafanyika mpaka mwisho alafu siku mbili kabla ya kukabidhi mtu anauliza jinsia iko wapi, ndo inachomekwa aya moja ya "wanawake na watoto wameathirika zaidi" na kazi inatumwa. Hiyo aya haimsaidii mtu yeyote. Jinsia inaingia kwenye swali la kwanza unalouliza, kabla ya karatasi ya kwanza kuandikwa, la sivyo haiingii kabisa, na huu mwongozo wote unazunguka hapo.

Hatua ya 1: Ondoa kichwani wazo kwamba jinsia maana yake wanawake waliodhulumiwa

Ukianza na hilo wazo utakosea pande zote mbili. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake wa Rwanda, na tarehe 24 Juni 2011 ICTR hapahapa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na pia kwa ubakaji kama uhalifu dhidi ya binadamu, mwanamke wa kwanza kuhukumiwa hivyo na mahakama ya kimataifa. Alipewa kifungo cha maisha, rufaa ya Desemba 2015 ikashusha ikawa miaka 47. Kwa hiyo mwanamke anaweza kupanga, kuamuru, kuchangisha pesa, kushawishi wenzake. Ukimwangalia kila mwanamke kama mtu aliyeburutwa tu na mume, utawaachia wahusika wa kweli, alafu hutakuwa umewaheshimu na wale walioburutwa kweli.

Upande wa pili kuna wanaume. Kijana wa kiume wa miaka 19 anakamatwa kwa sababu ya umri wake, mavazi yake na msikiti anaoswali, hakuna anayeuliza kama alilazimishwa au alisafirishwa kwa ahadi ya kazi, maana tumeshaamua kwamba mwanaume akiwa kambini basi ni mpiganaji. Na mwanaume aliyefanyiwa ukatili wa kingono mahabusu ndo kabisa, haulizwi na hasemi. Hayo yote ni maswali ya jinsia. Unachotafuta ni vitu vitatu tu: huyu mtu alifanya nini hasa, alikuwa na nafasi gani ya kukataa, na nani mwingine anabeba gharama ya hatua tunayotaka kuichukua.

Hatua ya 2: Jua nyaraka zako, zisiwe nyingi

Mabomu ya balozi za Marekani Dar na Nairobi yalilipuka tarehe 7 Agosti 1998. Hukumu ya ICTR dhidi ya Akayesu, iliyosema kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari, ilitolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998. Hata mwezi haukupita kati ya hayo mambo mawili, lakini sheria zilizoota kutoka kila upande zilikua kila moja kivyake kabisa: za ugaidi zilikua kwenye vyumba vya watu wa usalama, za jinsia zikakua kwenye vyumba vingine. Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 2000 lilizungumzia wanawake, amani na usalama, likaja Azimio 1373 la Septemba 2001 likazilazimisha nchi zote zitunge sheria dhidi ya ugaidi na ufadhili wake, bila kutoa tafsiri ya ugaidi ni nini. Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 imetoka kwenye wimbi hilohilo.

Vyumba hivyo viwili vilifunguliana mlango rasmi mwaka 2015 kwa Azimio 2242, ambalo linataka suala la jinsia liingie kwenye kazi zote za Umoja wa Mataifa za kupambana na ugaidi, na linataka takwimu za nini kinawavuta wanawake kwenye makundi haya, pia hatua za kupambana na ugaidi zinawaathiri vipi wanawake na mashirika yao. Hilo la mwisho watu wengi wanaliruka, wewe usiliruke. Alafu weka mezani Azimio 2331 la 2016 (usafirishaji haramu wa binadamu na ukatili wa kingono unaofanywa na makundi ya kigaidi, na waliofanyiwa watambuliwe kama wahanga wa ugaidi), na 2396 la 2017 linalokiri kwamba wanawake waliofuatana na wapiganaji wanaweza kuwa walisaidia, au walitenda wenyewe, au ni wahanga.

Kwa Afrika chukua Itifaki ya Maputo ya 2003 (haki za wanawake Afrika), Miongozo ya Luanda ya 2014 kuhusu kukamata na kuweka watu mahabusu, na miongozo ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya 2015 kuhusu haki za binadamu kwenye kupambana na ugaidi. Ongeza Kanuni za Bangkok za 2010 kwa wanawake walioko magerezani. Zinatosha kwa kuanzia. Ukibeba ishirini hutasoma hata moja vizuri.

Hatua ya 3: Soma Akayesu kama mtu wa upelelezi

Wengi wanaijua hukumu, wachache wanajua ilivyofikiwa. Hati ya kwanza ya mashtaka ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, haikuwa na ubakaji hata kidogo. Kesi ilianza Januari 1997, na mashahidi wakiwa kizimbani wakawa wanaeleza mambo mengine, ndani yake wakagusia ubakaji, na majaji wakauliza zaidi. Kwenye jopo la watatu alikuwepo mwanamke mmoja, Jaji Navanethem Pillay. Mwezi Juni 1997 hati ikarekebishwa, ubakaji ukaingia. Sasa jiulize, kama hakuna aliyeuliza, ile hukumu inayofundishwa dunia nzima ingekuwepo?

Kuna kitu kingine cha kuangalia kwenye sheria iliyoanzisha ICTR. Kifungu cha 4 kinataja vitendo vya kigaidi kwenye aya (d), na aya inayofuata palepale, (e), inataja ubakaji na udhalilishaji wa utu. Makosa hayo mawili yamekaa jirani kwenye karatasi moja tangu 1994. Mtu akikwambia ugaidi na ukatili wa kingono ni mambo tofauti yasiyohusiana, mwonyeshe hiyo karatasi. Nyaraka za ICTR zinapatikana mtandaoni bure, na hukumu ya Akayesu ina sehemu nzima inayojadili ushahidi wa ukatili wa kingono, anzia hapo.

Hatua ya 4: Maelezo ya mwanzo, hapa ndo kazi yenyewe

Hapa nitakaa sana kwa sababu kesi nyingi zinaharibika hapa na baadaye hazitengenezeki.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama wa miaka 34 anaishi Ngarenaro, mume wake aliondoka akisema anaenda kutafuta kazi nje ya nchi, baadaye ikajulikana yuko na kundi lenye silaha. Mama amekamatwa. Afisa anamuuliza: "Ulijua mumeo anafanya nini?" Akijibu ndiyo, kajiingiza. Akijibu hapana, anaonekana mwongo, maana laini yake ya simu imepokea pesa na kutuma pesa. Swali moja, majibu mawili, yote mabaya, na kwenye karatasi ya maelezo itaandikwa sentensi moja ambayo itasomwa mahakamani miaka miwili mbele.

Sasa muulize tofauti. Kwanza salamu, kama amekuzidi umri unampa shikamoo, unamwita mama, humwiti "mtuhumiwa namba tatu" usoni kwake. Muulize siku ya kawaida nyumbani ilikuwaje. Simu ilikuwa inakaa na nani? Namba ya siri nani anaijua? Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha nani, na kwa nini? Pesa ikiingia nani anaenda kwa wakala kuitoa? Akikataa kutuma nini kinatokea? Aliwahi kukataa? Watoto walikuwa wapi siku hiyo? Nani mwingine pale nyumbani ana sauti, mama mkwe, shemeji?

Hilo la laini lisikupite. Nchi hii laini inasajiliwa kwa alama za vidole, na kwenye nyumba nyingi laini moja inatumiwa na mtu ambaye siye aliyeisajili, mume anatumia ya mke, mtoto ya mama, mpangaji ya mwenye nyumba. Kwenye kesi ya ufadhili wa ugaidi rekodi ya miamala inatoka na jina la aliyesajili, na upande wa mashtaka unaona kazi imeisha. Wewe kama wakili wa utetezi, au hata kama uko ofisi ya mashtaka na unataka kesi isimame mpaka rufaa, hutakiwi kuridhika na jina. Tafuta nani alishika simu, mnara gani uliisoma saa ya muamala, wakala anamkumbuka nani. Ikionekana ni mama mwenyewe na alijua, basi ni yeye, huo pia ni ukweli uliopatikana kwa kuuliza vizuri.

Mambo madogo ya chumbani: mhojaji mwanamke awepo, na mkalimani mwanamke kama mhojiwa anaongea Kimaasai au Kisomali zaidi ya Kiswahili, ila muulize kwanza anataka nani, wapo wanaoogopa zaidi mtu wa ukoo wao kuliko mgeni. Mume, kaka au mzee wa familia asiwe ndani hata kama amekuja kwa nia njema. Anayenyonyesha apewe muda. Upekuzi wa mwanamke ufanywe na mwanamke kwa staha, hiyo imo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, siyo hisani. Na usimrudishe mtu kusimulia ubakaji mara tano kwa maafisa watano, panga mapema nani atauliza na nani atasoma.

Kuna na hili la kuta za ofisi. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, lina watu waliofundishwa kuongea na mtu aliyeumizwa, lakini mtuhumiwa wa ugaidi hapelekwi huko, anapelekwa kwa maafisa wa kupambana na ugaidi ambao wanatafuta majina na silaha. Kwa hiyo anayesema "nilibakwa kambini" au "nilibakwa mahabusu" anasema mbele ya mtu ambaye hana hata sehemu ya kuandika. PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa kwa daktari) haitolewi, daktari haonani naye, ushahidi unapotea. Ukiandaa mafunzo au mwongozo wa polisi, andika wazi kabisa kwamba kauli ya aina hiyo ikitoka afisa wa Dawati anaitwa siku hiyohiyo na PF3 inajazwa siku hiyohiyo, haijalishi huyo mtu anatuhumiwa kwa nini.

Hatua ya 5: Hati ya mashtaka na utetezi

Sheria nyingi za ugaidi zina makosa mapana sana, "kutoa msaada", "kuhifadhi", "kutotoa taarifa". Kwenye karatasi hayana jinsia. Kwenye maisha, anayepika, anayefua, anayemfungulia mlango saa nane usiku ni mke au mama au binti. Ukisoma kosa la kutoa msaada jiulize kama kupika ugali kwa mumeo kunaingia, kama kunaingia basi hilo kosa limeandikwa vibaya, na kazi yako ni kulibana: nia iwe wazi, msaada uwe umeendea kitendo cha kigaidi chenyewe na usiwe kazi ya nyumbani.

Kwa utetezi, usidharau hoja ya kulazimishwa na hoja ya usafirishaji haramu. Tanzania ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008, na kanuni inayotambulika kimataifa ni kwamba aliyesafirishwa asiadhibiwe kwa kosa alilofanya kwa sababu ya kusafirishwa. Binti aliyeahidiwa kazi za ndani nchi ya jirani akajikuta ni mke wa mpiganaji, hiyo ni kesi ya usafirishaji kabla haijawa ya ugaidi. Ihoji mapema na kwa maandishi, ukisubiri hatua ya adhabu umeshachelewa.

Kwa waendesha mashtaka naomba hili: kama kundi limebaka, limeozesha mabinti kwa nguvu, limefanya watu watumwa, shtaki na hayo. Kumfunga mtu kwa "kuwa mwanachama" tu ni rahisi, lakini waliofanyiwa hawaonekani popote kwenye hukumu. ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai iliyoko The Hague, mwezi Februari 2021 ilimtia hatiani Dominic Ongwen wa kundi la waasi la LRA la Uganda kwa makosa mengi yakiwemo ndoa za kulazimishwa na mimba za kulazimishwa, na yeye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto. Isome kwa utulivu, inaonyesha mtu anaweza kuwa amedhulumiwa na bado akawajibika.

Hatua ya 6: Ushahidi

Kanuni ya 96 ya ICTR ilisema kwenye ukatili wa kingono ushahidi wa mlalamikaji hauhitaji kuungwa mkono na mwingine, na historia yake ya kimapenzi haipokelewi. Kanuni ya 34 ikataka kitengo cha mashahidi kizingatie kuajiri wanawake wenye sifa. Ukiandika mwongozo wa mahakama zinazosikiliza ugaidi, chukua hizo mbili kama msingi. Ila kwenye ugaidi kuna mtego: ulinzi wa shahidi unapewa yule mwenye taarifa za kijasusi, mama aliyebakwa anaonekana hana "taarifa". Weka kigezo cha hatari anayokabiliana nayo, kigezo kisiwe thamani ya taarifa zake. Na hatari kwake mara nyingi iko kwenye familia na mtaa, kutengwa, kunyang'anywa watoto, kwa hiyo kumficha jina mahakamani huku gari la polisi linamfuata mpaka mlangoni ni kazi bure.

Hatua ya 7: Mahabusu

Makosa ya ugaidi hapa kwetu hayana dhamana, upelelezi unachukua muda mrefu, kwa hiyo mtu anaweza kukaa rimandi miaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Nenda gereza la Kisongo hapa Arusha au Karanga kule Moshi siku ya kutembelea uangalie nani wamekaa kwenye foleni na vikapu vya chakula, utajua nani anabeba hii gharama. Andika hiyo gharama kwenye ripoti yako: kodi ya nyumba, ada, biashara iliyofungwa, mke anayeitwa mke wa gaidi sokoni mpaka wateja wanahama. Kwa mwanamke aliye ndani, tumia Kanuni za Bangkok pamoja na Kanuni za Mandela (za Umoja wa Mataifa kwa wafungwa wote): atenganishwe na wanaume, asimamiwe na wanawake, taulo za kike, matibabu, mtoto aliyeingia naye asihesabiwe kama mfungwa. Na kila mtu, mwanaume pia, aulizwe faraghani na daktari kama ameumizwa mwili wake kwa namna yoyote.

Hatua ya 8: Pesa na vikundi vidogo

Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi, Oktoba 2022 ikatolewa Juni 2025, na katikati hapo masharti ya kudhibiti fedha yaliongezeka. Nchi ikiwa kwenye hiyo presha, benki inaogopa, na wa kwanza kuombwa makaratasi asiyoyaweza ni kikundi kidogo cha wanawake ambacho hakina mhasibu wala mwanasheria. Sasa hawa ndo wanaojua mtoto wa nani ameacha shule na nani ameanza kuongea na watu wa ajabu. Ukitoa maoni kwenye kanuni yoyote ya fedha, dai hatua ziendane na hatari iliyothibitishwa, FATF yenyewe pendekezo lake la 8 linataka hivyo, siyo NGO zote kuwekwa kapu moja. Na usiwageuze wale akina mama kuwa watoa taarifa wa polisi kwa jina la ushirikishwaji, ukifanya hivyo umewaweka hatarini na hawatakuamini tena.

Hatua ya 9: Ujue unapeleka wapi, na lini

Mahakama ya Afrika ilishaonyesha iko tayari kutumia Itifaki ya Maputo, tarehe 11 Mei 2018 iliikuta Mali na hatia ya kuvunja itifaki hiyo kwa sheria yake ya familia. Lakini Tanzania iliondoa Novemba 2019 lile tamko lililoruhusu mtu binafsi na NGO kwenda moja kwa moja pale, kwa hiyo kwa mashauri mapya dhidi ya Tanzania mlango huo umefungwa kwako hata kama jengo unaliona kila siku. Unaweza kwenda Tume ya Afrika, Banjul, baada ya kumaliza njia za ndani.

Mlango ulio wazi ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri, hahitaji kumaliza njia za ndani, na Mkataba wa Jumuiya kifungu cha 6(d) unataja utawala wa sheria na usawa wa kijinsia kwa majina yake. Tatizo ni muda: miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu mlalamikaji ajue, na hiyo mahakama ni kali sana hapo. Shauri la ugaidi linaweza kuanguka kwa sababu familia ilizunguka vituo wiki kumi ikitafuta mtu wao yuko wapi. Siku ndugu anapokuja ofisini kwako, kabla hujamuuliza chochote kingine muulize lini alichukuliwa na lini wao walijua, ziandike hizo tarehe mbili juu ya jalada, hesabu miezi miwili, na andika chini yake kwa kalamu nyekundu siku ya mwisho ya kufungua shauri.